Seli Shina na Ugonjwa wa Kisukari: Je, Sindano Zitaisha?



Siku hizi neno "seli shina" limekuwa kama wimbo. Tunalisikia redioni, tunalisikia sokoni. Kuna wanaosema ati dawa ya kisukari imepatikana na hakuna haja ya sindano tena. Kuna wengine wanapita mlango kwa mlango wakiuza vidonge na unga wakisema una seli shina ndani yake. Mgonjwa akisikia hivyo anaweza kutupa insulini yake, na hilo ni jambo la kufa na kupona.

Kwa hivyo katika toleo hili tutaeleza pole pole hiyo kazi ya wanasayansi ni ipi, imefika wapi, na imebakisha nini. Tunaomba katibu wa kikundi asome kwa sauti, halafu mjadiliane. Maswali yako mwisho.

KISUKARI NI NINI?

Chakula tunachokula, hasa ugali, viazi, wali na mkate, kikishasagwa tumboni hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Damu huisambaza mwili mzima ili tupate nguvu ya kulima, kutembea na kufikiri. Lakini sukari hiyo haiwezi kuingia ndani ya misuli hivi hivi tu. Lazima apatikane wa kufungua mlango. Huyo mfungua mlango anaitwa insulini.

Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula. Ndani ya kongosho kuna vifungu vidogo sana vya seli vinavyoitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani Paul Langerhans aliyevieleza mwaka wa 1869. Katika visiwa hivyo kuna seli zinazoitwa seli beta. Kazi yake ni mbili: kupima sukari ya damu kila wakati, na kutoa insulini kadiri inavyohitajika, isizidi wala isipungue.

Kuna aina mbili kubwa za kisukari, na ni vizuri tusizichanganye.

Aina ya kwanza: Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu wa magonjwa, inakosea na kuziua seli beta. Ni kama mlinzi wa boma anayewapiga wenye boma. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Mgonjwa hana insulini yake mwenyewe, na bila sindano hawezi kuishi.

Aina ya pili: Hapa insulini ipo lakini mwili hauisikii vizuri, na baadaye kongosho huchoka. Ndiyo aina iliyo nyingi zaidi. Kati ya kila wagonjwa 10 wa kisukari duniani, 9 au zaidi wana aina hii.

Utafiti tunaoueleza hapa unahusu hasa aina ya kwanza.

MBONA SINDANO HAITOSHI?

Kabla ya mwaka wa 1922, mtoto akipata kisukari cha aina ya kwanza, wazazi walikuwa wanangojea tu siku ya kuzika. Mwaka wa 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kutoa insulini katika kongosho la mbwa. Januari 1922 mvulana wa miaka 14 akawa mtu wa kwanza kudungwa dawa hiyo, na baada ya dawa kusafishwa zaidi alipata nafuu. Tangu hapo insulini imeokoa mamilioni ya watu.

Lakini insulini si tiba ya kumaliza ugonjwa. Sindano haina macho. Haijui kama mtoto amekula sahani moja au mbili, au kama amecheza mpira tangu asubuhi. Insulini ikiwa kidogo, sukari inapanda, na baada ya miaka mingi huharibu macho, figo na miguu. Insulini ikizidi, sukari inashuka ghafla: mtu anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, na anaweza kuzimia au hata kufa. Ndiyo maana mzazi wa mtoto mwenye kisukari halali usingizi wa kutosha. Usiku wa manane anaamka kumpima.

Seli beta hufanya kazi hiyo yote zenyewe, bila kuamshwa na mtu. Basi wanasayansi wakajiuliza: je, hatuwezi kumrudishia mgonjwa seli beta?

Mwaka wa 2000 madaktari wa mji wa Edmonton, Kanada, walionyesha kwamba inawezekana. Walichukua visiwa vya Langerhans kutoka kwa watu waliofariki ambao viungo vyao vilikuwa vimetolewa kusaidia wengine, wakaviweka katika ini la wagonjwa 7. Wote 7 waliacha sindano, ijapokuwa kwa wengi waliotibiwa hivyo sindano zilirudi miaka michache baadaye. Shida kubwa ilikuwa hii: mgonjwa mmoja mara nyingi alihitaji makongosho ya watu wawili au zaidi. Wagonjwa ni mamilioni. Viungo vitatoka wapi? Ni sawa na kutaka kupanda kijiji kizima kwa gorogoro moja ya mbegu.

SELI SHINA NI NINI?

Mwili wetu umejengwa kwa seli, kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali. Seli ya ngozi ina kazi yake, ya moyo ina yake, ya neva ina yake. Seli ikishachagua kazi, kwa kawaida haibadiliki tena.

Lakini sote tulianza kama seli moja tu katika tumbo la mama. Seli hiyo ikagawanyika, ikawa mbili, nne, nane, na kuendelea. Katika siku za kwanza kuna seli ambazo bado hazijachagua kazi. Zinaweza kuwa damu, mfupa, ubongo au kongosho. Hizi ndizo seli shina zenye uwezo wa kuwa seli yoyote ya mwili. Zina mambo mawili ya ajabu: zinaweza kuzaana bila kuchoka, na zinaweza kuelekezwa kazi.

Mwaka wa 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alifaulu kuzikuza seli shina za binadamu katika maabara. Hapo ndipo tumaini lilipozaliwa. Kama seli hizi zinaweza kuwa chochote, basi pengine zinaweza kufundishwa kuwa seli beta, nyingi kadiri tunavyotaka.

PROFESA DOUGLAS MELTON

Mmoja wa waliolishika jambo hili kwa mikono miwili ni Profesa Douglas Melton wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwanzoni yeye hakuwa mtu wa kisukari. Alisomea Uingereza chini ya John Gurdon, na kazi yake ilikuwa kuchunguza vile yai la chura linavyogeuka kuwa chura kamili. Ilikuwa kazi ya maana, lakini haikuwa ya kutibu mtu.

Mwaka wa 1991 mtoto wake wa kiume, aliyekuwa wa miezi 6, akawa mgonjwa sana. Madaktari wakasema ni kisukari cha aina ya kwanza. Yeye na mkewe wakaanza maisha ya kumtoboa mtoto mchanga vidole na kumdunga sindano kila siku. Melton akaamua kuelekeza kazi yake yote kwa ugonjwa huo. Miaka 10 baadaye, mwaka wa 2001, binti yake wa miaka 14 naye akagunduliwa kuwa na ugonjwa ule ule.

Ujuzi wake wa vyura haukupotea. Aliyejua vile kiumbe kinavyojijenga kutoka yai ndiye angeweza kuuliza swali linalofaa: mtoto akiwa tumboni, mwili wake hufuata hatua gani mpaka upate seli beta? Tukizijua hatua hizo, si tunaweza kuzirudia katika chupa?

UBISHI JUU YA VIINITETE

Hapa kuna jambo ambalo sisi kama watu wa kanisa hatuwezi kuliruka. Seli shina za kwanza zilitolewa katika viinitete, yaani mimba changa kabisa za siku chache tu. Viinitete hivyo vilitengenezwa hospitalini kusaidia wenzi wasiopata watoto, vikabaki bila kutumiwa. Kuzitoa seli kunamaliza kiinitete.

Kanisa Katoliki na Wakristo wengine wengi walipinga, wakisema uhai wa binadamu huanza mimba inapotungwa, na haifai kumaliza uhai mmoja ili kuponya mwingine. Wengine walijibu kwamba viinitete hivyo vingetupwa hata hivyo, na afadhali visaidie wagonjwa. Agosti 2001 Rais George W. Bush alitangaza kwamba pesa za serikali kuu ya Marekani zitatumiwa tu kwa seli zilizokuwa zimekwisha kutolewa kabla ya siku hiyo.

Melton alitumia pesa za wafadhili wa kibinafsi, na mwaka wa 2004 akatangaza aina 17 mpya za seli shina, akawagawia watafiti wengine bila malipo. Mwaka huo huo yeye na mwenzake David Scadden wakawa viongozi wa taasisi mpya ya seli shina ya Harvard.

Baadaye njia nyingine ikafunguka. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha mwaka wa 2006 kwa panya, na mwaka wa 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa nyuma ikawa kama seli shina, bila kiinitete chochote. Mwaka wa 2012 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na yule John Gurdon aliyekuwa mwalimu wa Melton. Njia hii imepunguza ubishi, ijapokuwa haijaumaliza, kwa sababu seli za viinitete bado zinatumiwa na watafiti. Kila msomaji ana dhamiri yake. Sisi tumeeleza ili ajue.

KUFUNDISHA SELI KAZI

Mkulima anajua kwamba mbegu haiwi zao kwa siku moja. Kuna kuotesha kwenye kitalu, kuna kuhamisha, kuna kupalilia, kuna kuweka mbolea ya kupandia na ile ya kukuzia. Ukiweka mbolea ya mwezi wa pili katika juma la kwanza, unaunguza mche. Seli shina nazo ni hivyo hivyo. Zinapewa dawa fulani kwa siku fulani, halafu nyingine, kwa mpango. Kwanza zinageuka kuwa seli za aina inayotengeneza matumbo na viungo vyake. Halafu zinaelekea kongosho. Mwisho zinakuwa seli beta.

Kosea kipimo au siku, na unapata seli zisizofaa: zinatoa insulini ovyo bila kupima sukari, au hazitoi kabisa. Melton na wenzake walijaribu na kushindwa kwa miaka zaidi ya 10.

Oktoba 2014 walitangaza katika jarida la Cell kwamba wamefaulu. Kwa hatua 6 zilizochukua kama majuma matano, walipata mamia ya mamilioni ya seli beta za binadamu. Walitumia seli shina za viinitete na pia zile za njia ya Yamanaka, na zote zilikubali. Wakiongeza sukari katika chupa, seli zilitoa insulini, wakipunguza, zilitulia. Wakiziweka katika panya wenye kisukari, sukari ya panya ilishuka. Mwaka huo huo kikundi kingine cha watafiti huko Kanada nacho kilitangaza mafanikio yanayofanana na hayo. Ilikuwa imepita miaka 23 tangu mtoto wa Melton aanze kuugua.

KUTOKA KWA PANYA HADI KWA BINADAMU

Mwaka wa 2014 Melton alisaidia kuanzisha kampuni iliyoitwa Semma, jina lililounganishwa kutoka kwa majina ya watoto wake wawili. Mwaka wa 2019 kampuni kubwa ya dawa iitwayo Vertex iliinunua kwa dola milioni 950. Mwaka wa 2021 mgonjwa wa kwanza alipewa seli hizo. Mwaka uliofuata Melton mwenyewe alienda kufanya kazi Vertex.

Matibabu hayo, yanayoitwa zimislecel, hufanywa hivi: seli zinaingizwa kwa mpira mwembamba katika mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Zinakaa huko na kuanza kazi. Hazikai katika kongosho, lakini si kitu, mradi ziguswe na damu.

Juni 2025 matokeo yalitolewa. Wagonjwa 12 wa aina ya kwanza walikuwa wamepewa kipimo kamili na kufuatiliwa kwa mwaka mmoja. Hawa walikuwa watu ambao sukari yao ilikuwa ikishuka vibaya bila wao kupata dalili mapema. Baada ya matibabu, tangu siku ya 90 hakuna hata mmoja kati yao aliyeanguka tena kwa sukari kushuka namna hiyo. Na baada ya mwaka, 10 kati ya 12 hawakuwa wanahitaji sindano ya insulini.

Hiyo ni habari njema, na tunapaswa kuifurahia. Lakini tusome mpaka mwisho.

KIZINGITI KILICHOBAKI

Seli hizi zinatoka kwa mtu mwingine. Kinga ya mwili ikiziona itasema, "Huyu ni mgeni," na kuziua. Tena, mgonjwa wa aina ya kwanza ana kinga ambayo tayari imezoea kuua seli beta. Kwa hivyo wagonjwa wote wa majaribio hayo hutumia dawa za kupunguza nguvu ya kinga. Dawa hizo zina hatari zake, manake mtu anaweza kushikwa kwa urahisi na magonjwa mengine. Katika majaribio hayo watu 2 walifariki: mmoja kwa homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na kuvu, mwingine kwa ugonjwa wa ubongo aliokuwa nao tangu awali.

Sasa pima mwenyewe. Mtu mzima anayezimia mara kwa mara, pengine inafaa achukue hatari hiyo. Lakini mtoto wa miaka 8 anayeendelea vizuri na sindano, je, umpunguzie kinga maisha yake yote? Ndiyo sababu matibabu haya yalikuwa bado ya majaribio matokeo yalipotolewa, na kwa watu wazima wachache waliochaguliwa.

Watafiti wanatafuta njia ya kukiruka kizingiti hiki. Huko China, mwanamke mmoja mwenye kisukari cha aina ya kwanza aliwekewa mwaka wa 2023 seli zilizotengenezwa kutokana na seli za mwili wake mwenyewe. Baada ya siku 75 hakuhitaji tena insulini. Lakini yeye tayari alikuwa akitumia dawa za kupunguza kinga kwa sababu ya ini alilopandikizwa zamani, kwa hivyo huwezi kujua kama seli zingedumu bila dawa hizo. Watafiti wengine wanajaribu kuzibadilisha seli ili kinga isizitambue.

HII INATUHUSU VIPI SISI?

Kwanza: Usiache insulini. Mgonjwa wa aina ya kwanza akiacha sindano anaweza kufa kwa muda wa siku chache. Mtu akikwambia uache, hata akiwa anatajataja Biblia, mkimbie.

Pili: Seli shina hai haziuzwi kwa kidonge, unga wala maji ya chupa. Tumeona kazi iliyofanywa: maabara, majuma ya kuotesha seli, mshipa wa ini, dawa za kinga. Kitu kilicho hai namna hiyo hakikai katika mkebe sokoni. Na hata kama kingekaa, ukikimeza tumbo lingekisaga kama maharagwe.

Tatu: Jueni dalili kwa mtoto. Kiu nyingi, kukojoa sana (hata aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena), kukonda na kuchoka. Akifika hatua ya kutapika, kupumua haraka haraka na kutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, mwahishe hospitali saa hiyo hiyo. Hali hii inaweza kudhaniwa ni malaria. Mwombe daktari au nesi apime sukari. Ni tone moja tu la damu ya kidole.

Nne: Sukari ikishuka kwa anayetumia insulini, na bado anaweza kumeza, mpe kitu kitamu mara moja: sukari katika maji, soda au asali. Kama amezimia usimtie kitu mdomoni, asije akapaliwa. Mkimbize hospitali.

Tano: Insulini haipendi joto wala kugandishwa. Pasipo na friji, weka chupa ndani ya mfuko mkavu usiopitisha maji, uuweke kwenye chungu cha udongo kinacholowanishwa nje, mahali penye kivuli. Mwulize nesi wa kliniki yako idumu muda gani.

Sita: Kikundi kinaweza kufanya kitu leo. Vikundi vingi vina mchango wa kuzunguka, wa kununulia vyombo na mabati. Mwanachama mwenye mtoto wa kisukari ana gharama isiyo na likizo: insulini, sindano, vijiti vya kupimia, nauli ya kliniki. Mfuko mdogo wa dharura unaweza kumwokoa siku ambayo dawa imeisha na soko limekuwa baya.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kisukari cha aina ya kwanza na cha pili? Katika kijiji chetu tunawajua wagonjwa wa aina gani?

2. Kwa nini seli zilizopandikizwa zinahitaji dawa ya kupunguza kinga? Wewe ungekubali kuitumia? Ungekubali mtoto wako aitumie?

3. Mtu akija kwenye mkutano wetu kuuza "dawa ya seli shina", tutamuuliza maswali gani?

4. Mwalimu wa shule yetu anajua la kufanya mtoto mwenye kisukari akianza kutetemeka darasani? Ni nani kati yetu ataenda kuzungumza naye, na lini?